Hadithi ya Mchana

Harufu ya oili chafu hunirudisha Laini Saba, mtaa niliokulia, hata nikiwa nimefumba macho. Wiki iliyopita, hapa Kawangware 46 ninapoishi, nilimkuta fundi akipaka nguzo za ua ile oili nyeusi inayomwagwa gereji, ili mchwa wasizile. Nilikuwa na haraka ya kazini, lakini nikasimama pale kama mtu aliyesahau anakokwenda, mpaka fundi akaniuliza, "Madam, unataka nguzo?" Nikamwambia sitaki, nikaenda zangu. Siku nzima harufu hiyo haikunitoka puani, wala Baba hakunitoka kichwani. Acha nikueleze wewe, kwa sababu nyumbani kwangu nikianza kuisimulia huwa simalizi.

Nilipokuwa darasa la pili, vijana waliokuwa na maktaba yao ndogo ya mabati karibu na reli walisimamisha nguzo zilizonuka hivyo. Walichukua kitabu cha picha, wakakitoa kurasa, wakazifunika kwa plastiki ngumu, wakazipigilia kwenye mbao juu ya nguzo. Nguzo zenyewe walizipanga kando ya kinjia kilichoshuka kutoka relini hadi karibu na mto. Ukitaka kujua kilichotokea ukurasa unaofuata, ilibidi utembee. Kila baada ya wiki chache walibandua kurasa na kuweka kitabu kingine. Wenyewe walikuwa na jina refu la mradi wao, lakini sisi watoto tulipaita Njia ya Kitabu, na wazazi wetu wakaufuata uvivu wetu.

Jumapili baada ya kanisa, njia hiyo ilijaa watu. Akina mama walishuka na watoto mgongoni, akina baba na makoti yao ya ibada, viatu vimepakwa rangi vikikanyaga tope lile lile la kila siku. Mto ulinuka kama ulivyonuka siku zote, lakini siku hiyo hakuna aliyeusema. Kulikuwa na watoto wabaya waliokimbia mbele hadi ubao wa mwisho, kisha wakarudi wakipiga kelele jinsi mambo yalivyoisha. Baba aliwachukia watoto hao kwa dhati. Alinikataza hata kuzitupia macho mbao za mbele. "Kitabu ni kama chakula cha harusi," aliniambia. "Huwezi kuanza na soda ya mwisho."

Baba alikuwa fundi wa vyuma. Alitengeneza milango na madirisha kwenye kibanda kando ya reli, na siku nzima alikuwa anakata na kusugua chuma kwa grainda, cheche zikiruka na vumbi likimpaka uso mzima. Alikuwa mtu wa maneno machache kazini. Kwenye mbao zile alikuwa mtu mwingine. Kila mnyama alimpa sauti yake, na mnyama mbaya kila mara alipewa sauti ya landilodi wetu, mwenye nyumba tuliyopanga, hadi siku moja landilodi mwenyewe akatupata tukisoma, akasimama nyuma yetu akicheka, asijue anajicheka.

Kitabu ninachotaka kukueleza kilikuwa cha kiboko aliyetafuta nyumba ya kupanga. Alibisha mlango wa kila mnyama na kila mnyama akampa sababu yake. Twiga alimwambia ni mfupi, nyani akamwambia atavunja kitanda, na paka akasema nyumba ipo lakini maji hakuna. Watu wazima walicheka kwenye ubao wa paka kuliko watoto. Mama, ambaye alikuwa akifua nguo za watu huko Kilimani na Jumapili alikuwa mchovu hata wa kuongea, alicheka kwenye ubao huo mpaka akajipangusa macho.

Kile kitabu hatukukimaliza Jumapili ya kwanza. Baba alisimama kwenye ubao wa nyani, akaweka mkono kwenye nguzo, akasema tuitazame hiyo picha vizuri. Tukaitazama. Akanionyesha mjusi aliyejificha kwenye kona, na kandambili moja chini ya kitanda, na jinsi kivuli kilivyochorwa. Kisha akasema inatosha kwa leo. Jumapili iliyofuata tulifika kwa paka, na hapo tena akasema tuitazame picha. Mimi nilifurahi mno. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba baba yangu ndiye anayejua kutazama picha kuliko baba zao wote, ambao walikuwa wanapita tu mbio mbio. Sikuuliza kwa nini anatazama picha huku amefungua mdomo, akivuta hewa kama mtu aliyekuwa akikimbia.

Usiku alikohoa. Ukuta wetu ulikuwa wa bati na jirani alipokuwa akigonga kulalamika, Mama alikuwa anagonga pia kumjibu. Halafu jirani akaacha kugonga, akaanza kutuletea tangawizi. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili.

Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, akaja kutoka Bungoma. Mimi niliambiwa amekuja kututembelea. Alifika na kuku wawili kwenye kikapu na nusu gunia la mahindi, na Mama akampokea mlangoni akisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni salamu tu ya kila siku, lakini aliposema hilo neno la mwisho sauti yake ilikatika, na Kukhu akamshika mkono bila kuujibu msemo.

Jumapili hiyo tulimpeleka Kukhu kwenye Njia ya Kitabu. Nilidhani atafurahi, kwa sababu kwao Bungoma yeye ndiye aliyekuwa msimuliaji. Tulipokwenda Disemba alikuwa anakusanya watoto wote wa boma jikoni, baada ya chakula, na hadithi zake zilikuwa za kutisha kweli. Alisikiliza Baba akisoma ubao wa kwanza. Akatazama juu, jua lilipo. Akatazama wale watoto wote njiani na midomo yao wazi.

"Wafula," akamwambia Baba, "hii ni hadithi."

"Ni kitabu, Mama."

"Naona ni kitabu. Ndani yake kuna nini?"

"Kuna kiboko."

"Kiboko anaongea?"

"Anaongea."

"Basi ni hadithi. Na jua liko pale." Akanigeukia mimi, si kwa ukali, alikuwa ananifundisha tu kama anavyonifundisha kuosha mikono. "Hadithi ni ya usiku, Nekesa. Mtoto akisikiliza hadithi mchana, humzika mzazi wake. Hata mimi niliambiwa hivyo na kukhu wangu."

Baba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa. Akainama, ameshika magoti. Watu waliokuwa nyuma yetu walitupita polepole wakijifanya wanasoma. Alipoinuka, kitambaa chake kilikuwa na doa, akakikunja upesi akakitia mfukoni. Kukhu alikuwa ameliona. Mimi pia nililiona.

Leo, mtu mzima, najua kwamba wengi wetu Waluhya tulikuzwa na katazo hilo, hata Wakikuyu na Wakamba waliokuwa majirani zetu wana lao. Najua pia kazi yake. Mtoto akiruhusiwa hadithi mchana, nani atachunga ng'ombe, nani atateka maji? Wazee walitafuta neno la kutisha, wakalipata. Lakini ukiwa darasa la pili, na neno limetoka kinywani mwa Kukhu, na kitambaa kina damu, nani atakueleza habari za ng'ombe?

Nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Tulianza kusoma mbao, kisha Baba akaanza kukohoa. Yalifuatana hivyo kabisa. Kwa hivyo siku chache baadaye nikamwambia Baba kwamba nataka tukasome jioni, giza likishaingia. Alikuwa ameketi kitandani, hakuwa ameenda kazini wiki hiyo. Hakuniuliza sababu. "Sawa," akasema, "chukua sweta."

Tulishuka na tochi ya simu yake, tukianza upya kwa twiga, kwa sababu nilitaka usomaji wetu wote uwe halali. Hatukufika ubao wa tatu kabla mtu hajatupigia kelele kutoka kwenye vibanda.

"Nyinyi! Hizo mbao ni za watoto! Wachana nazo!"

"Tunasoma, boss!" Baba akajibu.

"Mnasoma aje na hii giza?"

"Uliza huyu. Ndiye ameamua."

Yule mtu akaja, akatumulika, akaona kweli ni baba na mtoto wamesimama mbele ya twiga. Akatikisa kichwa. Akabaki nasi mpaka mwisho wa ukurasa, na alipoondoka akasema twiga ana madharau. Tulicheka. Lakini baridi ya mto ilikuwa imepanda, na moshi wa makaa ulikuwa umelala kwenye kinjia chote, na Baba alipanda kurudi nyumbani akiketi chini kila tulipofika penye jiwe. Mama alitupata mlangoni. Hakunipigia kelele mimi, alimpigia Baba, kwa mara ya kwanza nikimsikia, na kutoka siku hiyo safari za jioni zikaisha.

Ikawa basi hatuendi kabisa. Jumapili mbili au tatu nilijifanya ninaumwa tumbo. Kukhu alikuwa akininywesha majimaji machungu ya mizizi kwa tumbo hilo ambalo halikuwa na ugonjwa, na niliyanywa yote, kwa sababu bei hiyo niliiona ndogo. Baba alikonda mpaka saa yake ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko. Alikwenda hospitali na kurudi, akaenda na kurudi. Nikaona kwamba tangu tuache mbao hajapona, lakini pia hajafa, na nikaamini kwamba mimi ndiye ninayemshikilia.

Halafu mmoja wa vijana wa maktaba akapita kumjulia hali, na katika maongezi akasema kitabu cha kiboko kinabanduliwa wiki ijayo, kipya kimepatikana. Baba akauliza, "Na huyo kiboko alipata nyumba?" Kijana akafungua mdomo kumjibu. Baba akainua mkono haraka. "Usiniambie! Nitaenda mwenyewe."

Jumapili ikafika. Alivaa koti lake la kanisa, likawa kubwa kwake kama la kuazima. Mimi nikajifungia nyuma ya pazia, nikaziba masikio, nikamwambia siendi, tumbo. Aliketi sakafuni upande ule mwingine wa pazia. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ni maneno ya Kukhu, siyo?"

Niliondoa kidole kwenye sikio moja.

"Kukhu alisema nini hasa? Mtoto akisikiliza hadithi mchana, mzazi wake atakufa. Sawa. Basi leo soma wewe. Mimi nitasikiliza. Anayesikiliza ni mimi, na mimi ni mtoto wa nani?"

"Wa Kukhu."

"Haya. Na Kukhu unamwona anaumwa?"

Kukhu alikuwa nje anapasua kuni za jirani, baada ya kumwambia jirani hajui kupasua. Nilifikiria jambo hilo kutoka kila upande. Nikatoka nyuma ya pazia.

Tulikwenda mimi, yeye na Mama, Mama akimshika kiunoni kama watu wanaotembea kwa mapenzi tu. Jua lilikuwa kali, la saa saba. Nilisoma kila ubao kwa sauti, na nilipokosea neno aliningoja. Landilodi sikuweza kumwigiza, nikampa nyani sauti yangu mwenyewe. Tulimpita paka, na zile picha nyingine ambazo hatukuwahi kuzifikia, na kwa mara ya kwanza Baba hakusema tusimame kutazama. Alikuwa anataka kufika.

Ubao wa mwisho haukuwa na maneno. Ilikuwa picha tu: mto, usiku, nyota, na mgongo wa kiboko majini. Juu ya mgongo huo walikuwa wamelala wanyama wote waliomfukuza, paka, nyani na wengine, na hata twiga akiwa amejikunja. Niligeuka kumwambia Baba kwamba hakuna cha kusoma.

"Basi niambie wewe," akasema. Alikuwa ameketi chini, ameegemea nguzo. "Ilikuwaje mpaka wakafika hapo?"

Hapo niliogopa kweli. Maneno ya kitabu yalikuwa ya kitabu, lakini hii sasa ingekuwa hadithi halisi, ya kutoka mdomoni mwangu, saa saba mchana. Lakini alikuwa ametembea kutoka juu mpaka pale. Nikamsimulia. Nilisema mvua ilikuja, mafuriko yakabomoa nyumba zote za wapangishaji, na yule aliyekosa nyumba ndiye peke yake asiyeogopa maji. Nikasema aliwabeba wote na hakuwadai kodi. Mama alikuwa amegeuka upande wa mto. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo ndiyo." Baadaye watu wawili walimsaidia Mama kumpandisha juu.

Alifariki kabla mwezi haujaisha.

Tulisafiri na jeneza hadi Bungoma, tukamzika kando ya migomba, nyuma ya nyumba alimozaliwa. Watu walikuwa wengi na wali ulikuwa mwingi, na mimi sikuweza kumeza hata tonge. Nilikuwa nimepima kila kitu na hesabu haikukubali. Siku ya pili baada ya maziko nilimfuata Kukhu, aliyekuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi, na nikamuuliza mbele ya watu.

"Kukhu, mbona haikukuchukua wewe?"

"Nini hiyo?"

"Hadithi. Mimi nilimsimulia Baba mchana. Baba alisema anayesikiliza ni yeye, na mzazi wake ni wewe, kwa hivyo itakuja kwako. Mbona ilimchukua yeye?"

Mama, aliyekuwa akiosha vikombe, aliita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Kukhu akamwashiria anyamaze. Gunzi lilibaki mkononi mwake muda mrefu. Nilidhani atanipiga. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale nikiutazama.

"Ilipotea njia," akasema mwisho. "Ilikuta watu wawili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, ikadhani mkubwa ndiye mzazi. Kosa ni lake. Wewe ulifanya sawa."

Akainuka, akachukua kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, mahali pasipo na kivuli hata cha kuku. Jua lilikuwa utosini. Akasimama kando yake akapaza sauti, na wanawake waliokuwa kando ya sufuria wakaacha kazi.

"Mnisikie nyote! Mzazi wa mtoto huyu ni mimi. Babake ameenda. Mamake ni msichana tu, mnamwona. Mzazi ni mimi, niko hapa, sijifichi. Mtu yeyote asichanganyikiwe tena." Kisha akaketi. "Nekesa, njoo ukae."

Mwanamke mmoja mzee akasema, "Apana, Mama. Jua liko juu."

"Naliona."

Wengine waliwaita watoto wao, wakawapeleka nyuma ya nyumba. Nikabaki mimi peke yangu, na Kukhu akanisimulia hadithi mchana. Ilikuwa ya ndege aliyenaswa mtegoni, na siikumbuki vizuri. Ninakumbuka jasho kwenye midomo yake, na jinsi alivyokuwa akisimama katikati ya maneno, kama mtu anayesikiliza kama kuna anayebisha hodi. Aliimaliza yote, pamoja na wimbo wake. Kisha akaniletea ugali na maziwa, nikala mpaka nikasinzia.

Nilidhani amenisimulia ili anifariji, na kwamba yale maneno kwa watu yalikuwa ya kusema ananipenda. Baada ya wiki chache tulirudi Nairobi, Mama akahamia Kawangware, karibu na kazi yake mpya, na mimi nikakua nikiwa mwepesi moyoni. Kwamba nilimuua baba yangu ni jambo ambalo halikupata kukaa ndani yangu. Kukhu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mpaka mwisho hakuna aliyemsikia akisema lile katazo ni uongo. Aliwafukuza watoto wa wengine waliotaka hadithi kabla ya magharibi, tena kwa fimbo.

Alikuwa analiamini. Hilo ndilo lililonichukua muda wote huu kulielewa. Aliamini kabisa kwamba kinjia kile kilimuua mwanawe wa pekee, na bado aliketi juani akakiita kifo chenyewe, akakionyesha mlango wake, ili mtoto apate kula. Zile wiki tulizobaki kwake nililala naye kitanda kimoja, na kila usiku alivua nguo za shamba, akanawa miguu, akavaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akalala chali, mikono kifuani. Nikamuuliza mbona analala na nguo nzuri. Akaniambia nilale, yeye anasikia baridi tu.